Waliohesabu Watoto Wetu: Serikali na Uzazi katika Historia ya Kongo

Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo inawahusu wazazi. Lakini tukiisoma historia ya nchi yetu, tunaona kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja yuko mwingine aliyejiingiza katika jambo la kuzaa, asiyebeba mimba wala kuamka usiku mtoto anapolia. Huyo ni Serikali. Kuna nyakati ilitaka watoto waongezeke, na nyakati nyingine ilitaka wapungue. Ilikataza, kisha ikahimiza, na mara nyingi ilinyamaza tu. Katika tafakari hii tunataka kuifuata historia hiyo hatua kwa hatua, ili sisi vijana wa parokia, ambao wengi wetu tunajiandaa kwa ndoa, tujue sheria tunazozirithi zilitoka wapi. Na katika kila kipindi tutauliza swali moja: je, mama na baba waliohusika waliulizwa?

Desturi ya wazee wetu

Haifai kudhani kwamba mpango wa uzazi uliletwa na Wazungu. Katika makabila mengi ya Kongo, mama alimnyonyesha mtoto miaka miwili, hata mitatu, na kwa muda huo hakulala na mume wake. Pengine alirudi kwa mama yake mzazi hadi mtoto atembee na kula vyakula vya watu wazima. Wazee walijua kwa macho yao kwamba mtoto anayeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine hudhoofika, na kwamba mama anayezaa mfululizo huchoka kabla ya wakati wake. Kwa hiyo walipanga nafasi kati ya mtoto na mtoto.

Desturi hiyo ilikuwa na uzito wake. Mara nyingi ilimpa mwanamume sababu ya kuoa mke wa pili, na mzigo wa kujizuia ulimwangukia mwanamke zaidi kuliko mume. Hata hivyo ilikuwa na hekima ndani yake: uhai wa mtoto aliyekwisha kuzaliwa ulilindwa kwanza, na afya ya mama ilihesabiwa kuwa mali ya ukoo mzima.

Koloni lililohitaji mikono

Ubeleji ulipoichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II mwaka 1908, ulikuta nchi iliyojeruhiwa. Kazi ya shuruti ya mpira, uchukuzi wa mizigo, njaa na ugonjwa wa malale vilikuwa vimewaua watu wengi mno. Katika sehemu kadhaa za Equateur, magonjwa ya zinaa yalikuwa yamewaacha wanawake wengi bila mtoto. Wakuu wa koloni walianza kuogopa. Migodi, reli na mashamba makubwa vilihitaji wafanyakazi. Kama watoto hawazaliwi, nani atachimba shaba kesho?

Kutokana na hofu hiyo ilizaliwa siasa ya kuongeza uzazi. Mwanamume mwenye mke mmoja na watoto wanne alisamehewa kodi ya kichwa, na mwenye wake wengi alilipa kodi ya ziada. Mfuko wa Malkia Elisabeth wa msaada wa kiganga kwa wenyeji, FOREAMI, ulianzishwa mwaka 1930. Mijini na misioni zilifunguliwa nyumba za uzazi na mahali pa kupima watoto. Huko Katanga, kampuni ya migodi Union Minière iliachana, kuanzia mwaka 1928, na mtindo wa kuajiri watu wa miezi michache. Ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikawaleta wake za wafanyakazi makambini, ikagawa posho kwa mke na watoto, na ikawapa watoto maziwa na uji ili waachishwe ziwa mapema. Nafasi ya miaka mitatu waliyoilinda wazee ilitazamwa sasa kama kizuizi: mama aliyemaliza kunyonyesha upesi angeweza kushika mimba upesi.

Haki inatudai tuseme pande zote mbili. Masista na wakunga wa nyakati hizo waliokoa maelfu ya akina mama na watoto, na wengi wao walifanya kazi hiyo kwa upendo wa kweli. Mtoto aliyepona surua katika kambi ya Lubumbashi, iliyoitwa wakati huo Elisabethville, alipona kweli, hata kama kampuni ilimwona kama mchimbaji wa miaka ishirini ijayo. Lakini nia ya Serikali na ya kampuni ilikuwa wazi. Mtoto alihesabiwa kabla ya kupendwa. Naye mama wa kambini hakuulizwa kama alitaka kuiacha njia ya mama yake.

Mwaka 1933 siasa hiyo ikapewa nguvu ya sheria. Amri ya kikoloni ilikataza kuonyesha, kuuza, kugawa na kutangaza vitu vya kuzuia mimba. Ubeleji wenyewe ulikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1923, iliyotungwa baada ya vita vikuu vya kwanza vilivyowamaliza vijana wake. Sheria ya kwao ililetwa kwetu.

Hapa tuwe makini, maana ni rahisi kuchanganya mambo mawili. Miaka mitatu kabla ya amri hiyo, mwishoni mwa mwaka 1930, Papa Pio XI alikuwa ametoa barua yake juu ya ndoa ya kikristo, Casti connubii, iliyokataa njia za kuzuia mimba zinazoharibu tendo la ndoa. Mtu anayetazama kwa mbali atasema: Serikali na Kanisa walisema jambo lilelile. Walikataza kitu kimoja, ni kweli, lakini mizizi haikuwa mmoja. Kanisa lilikuwa likisema na dhamiri ya wanandoa juu ya utakatifu wa upendo wao. Koloni lilikuwa likihesabu mikono. Kwa bahati mbaya, katika makambi na misioni sauti hizo mbili zilisikika mara nyingi kama sauti moja, na baadhi ya watu wetu wakadhani kwamba mafundisho ya Kanisa ni amri ya kampuni. Ugumu huo tunaubeba hata leo.

Uzazi unaotamaniwa

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, bendera ilibadilika, lakini amri ya 1933 ilibaki katika vitabu. Nchi ilikuwa na vita vya Katanga na maasi ya mashariki. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuifikiria.

Katika miaka hiyohiyo Kanisa la ulimwengu lilikuwa likitafakari upya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba hukumu juu ya idadi ya watoto ni ya wazazi wenyewe mbele ya Mungu, wakizingatia mema yao, mema ya watoto waliozaliwa na watakaozaliwa, hali ya nyakati na mema ya jamii. Mwaka 1967 Papa Paulo VI alikubali kwamba Serikali inaweza kushughulikia suala la wingi wa watu katika mipaka ya mamlaka yake, kwa kutoa habari sahihi na kwa kuheshimu sheria ya maadili, lakini neno la mwisho libaki kwa wazazi. Mwaka 1968, katika Humanae vitae, alithibitisha tena kwamba njia inayofaa ni ile inayofuata majira ya asili ya mwili wa mwanamke. Kwa hiyo Kanisa halikusema: zaeni bila kufikiri. Lilisema: fikirini, mkiwa wawili, mbele ya Mungu.

Mwezi wa Desemba 1972 Rais Mobutu alisimama mbele ya wabunge akatangaza siasa mpya. Aliita jambo hilo naissances désirables, yaani uzazi unaotamaniwa. Neno hilo lilichaguliwa kwa akili. Halikusema kupunguza watoto, jambo ambalo lingeudhi watu wanaoona mtoto kuwa baraka. Lilisema kwamba kila mtoto azaliwe akiwa anatakiwa na kupokelewa, kwamba mama apumzike kati ya mimba na mimba, na kwamba wale wasiopata watoto watibiwe pia. Mwezi wa Februari 1973 liliundwa baraza la taifa la kusimamia siasa hiyo, na huduma zikaanza katika hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa. Hata leo wazee wetu na wauguzi wengi wanatumia jina hilo la Kifaransa wanapozungumza juu ya mpango wa uzazi.

Lakini tazameni mambo yalivyokwenda pamoja. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1972, utawala ulifuta vikundi vya vijana vya makanisa ili vijana wote wawe chini ya tawi la vijana la chama kimoja, MPR. Mwanzoni mwa 1972 Kardinali Malula alikuwa amelazimika kukaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mgogoro juu ya siasa ya uhalisi na majina ya kikristo. Yaani Serikali ilitangaza uhuru wa wanandoa katika kitanda chao, huku ikiwanyima watoto wao uhuru wa kukutana parokiani. Watu waliozoea kuamriwa mavazi na majina walikuwa na sababu ya kujiuliza kama huu nao ni ushauri au ni amri nyingine.

Tena, Serikali haikuifuta amri ya 1933. Daktari aliyempa mama njia ya kuzuia mimba alifuata hotuba ya Rais, na wakati huohuo alivunja sheria iliyokuwa bado katika kitabu cha adhabu. Hali hiyo ilidumu miaka mingi. Sheria ilipokuwa inasema hapana na mkuu wa nchi anasema ndiyo, haki ya mama ilining'inia juu ya hiari ya mkuu.

Mpango ulioning'inia juu ya fedha za wengine

Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, na Zaire ikafukarika. Huduma za uzazi zilizoahidiwa zilibaki hasa mijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi mkubwa zaidi ulianzishwa kwa msaada wa Marekani, nao ulifikisha huduma katika miji mingi na katika baadhi ya vituo vya afya vya makanisa ya Kiprotestanti. Kisha, mwezi wa Septemba 1991, askari wasiolipwa walipora miji. Wafadhili wakafunga mizigo wakaondoka. Maghala yaliyokuwa na dawa yakawa matupu, na mama aliyekuwa amezoea kupata huduma alifika kituoni akakuta mlango umefungwa.

Mwaka 1987 Kanuni ya Familia ilikuwa imeongeza kizuizi cha aina nyingine. Kwa mujibu wake, mke alihitaji ruhusa ya mume ili kutenda matendo ya kisheria yanayomfunga kutoa huduma yeye mwenyewe; na msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, ilhali mvulana alingoja miaka 18. Kanuni hiyo haikutaja vidonge wala sindano. Lakini roho yake iliingia katika vyumba vya wauguzi, ambako mwanamke aliweza kuulizwa: mume wako amekuruhusu? Mwanamume aliyekuja peke yake hakuulizwa swali la namna hiyo.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Sisi wa mashariki hatuhitaji kusimuliwa. Ubakaji ukawa silaha, na miili ya mama zetu na dada zetu ikafanywa uwanja wa mapigano. Wakati huo Serikali haikuhimiza uzazi wala kuukataza, haikuwepo. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, pamoja na vituo vya parokia na vya makanisa mengine, ndiyo iliyopokea waliojeruhiwa. Kipindi hiki kinatufundisha kwamba mazungumzo yote juu ya haki ya kupanga uzazi ni maneno matupu mahali ambapo mwanamke hawezi hata kwenda shambani na kurudi salama. Haki ya kwanza ni kutoguswa bila ridhaa.

Sheria mpya, njia ya zamani

Tangu mwaka 2006 nchi imeandika mengi upya. Sheria ya Julai 2006 ilitaja na kuadhibu vikali ubakaji na aina nyingine za ukatili wa kijinsia. Mwaka 2016 Kanuni ya Familia ilirekebishwa: ile ruhusa ya mume ikaondolewa, na umri wa kuoa ukawa miaka 18 kwa wote. Mwezi wa Machi 2018 Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika ilichapishwa katika Gazeti Rasmi. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo ikaja sheria juu ya afya ya umma, ambayo hatimaye ilisema waziwazi kwamba mtu aliye katika umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kupanga uzazi baada ya kuelezwa vizuri na kukubali kwa hiari. Kwa watu wa ndoa, sheria hiyo inataka wote wawili wakubaliane juu ya njia. Wasipokubaliana, hiari ya yule anayehusika ndiyo inayotangulia. Kutoka amri ya 1933 hadi sheria hiyo ni miaka 85.

Kama Wakristo wakatoliki, hatupokei kila kifungu cha maandiko hayo kwa moyo uleule. Itifaki ya Maputo inaruhusu utoaji mimba katika hali fulani, kama vile kubakwa au hatari kwa afya ya mama, na Kanisa linafundisha kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Hilo tunalishika. Lakini anayelishika analazimika kuongeza neno la pili: msichana aliyebakwa asiachwe peke yake, asifukuzwe shuleni, asinyooshewe kidole kanisani, na mtoto wake asiitwe mtoto wa adui. Anayetetea mtoto wa tumboni huku akimkimbia mama yake ametetea nusu tu.

Na karatasi zinasema nini zikilinganishwa na maisha? Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 walio katika ndoa, karibu 8 tu ndio waliotumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Wengine 28 hivi walitaka kungoja au kutozaa tena, lakini hawakutumia njia yoyote. Mwanamke angezaa kwa wastani watoto 6,6. Kwa kila vizazi hai 100 000, akina mama 846 walikufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Serikali ilijiwekea shabaha ya kufikia 19 kwa mia ya watumiaji wa njia za kisasa mwaka 2020. Tunaona tena namba na shabaha. Nasi tunauliza tena: kati ya wale 28, nani aliketi nao akawasikiliza?

Mahali petu katika historia hii

Kanisa linaendesha sehemu kubwa ya vituo vya afya vya nchi hii, na katika vijiji vingi kituo cha parokia ndicho pekee. Huko wanandoa hufundishwa njia za asili, na ni vema. Lakini tuseme ukweli wenye uzito. Njia za asili zinahitaji watu wawili: mke anayeujua mwili wake, na mume anayekubali kungoja. Zinahitaji mwalimu, muda, na nyumba isiyo na ngumi. Mume anayerudi amelewa na kudai haki yake kwa nguvu ameiharibu njia hiyo, na hakuna somo la muuguzi linaloweza kuirekebisha. Kwa hiyo kufundisha njia za asili kwa wanawake peke yao, bila kuwaongoa wanaume, ni kuwatwisha mzigo usiobebeka.

Zaidi ya hayo, Serikali ni ya raia wote, wakatoliki na wasio wakatoliki. Mama wa kijijini ambaye dhamiri yake inachagua njia nyingine ana haki ya kupata jibu kwa Serikali, na mara nyingi jibu hilo liko umbali wa siku nzima ya kutembea. Hatuwezi kuiombea Serikali udhuru kwa kusema kwamba Kanisa lipo. Kila siasa ya uzazi isiyo na barabara, isiyo na mshahara wa muuguzi na isiyo na shule ya wasichana ni hotuba tu.

Historia hii inatuonyesha kwamba Serikali ilikosea kwa njia mbili zinazopingana, nazo zina chanzo kimoja. Ilipokataza na ilipohimiza, iliwaona wazazi kama chombo cha mpango wake: mikono ya migodi, au namba za maendeleo. Mafundisho ya Kanisa na akili ya wazee wetu vinakutana katika jambo hili: mtoto anapokewa kwa ajili yake mwenyewe, na wanaompokea ni baba na mama wenye ujuzi, wenye hiari, na wanaoheshimiana. Kazi ya Serikali ni kuwawezesha. Kazi ya Kanisa ni kuangaza dhamiri zao. Hakuna kati ya hawa wawili anayeruhusiwa kuketi mahali pao.

Wapendwa vijana, kesho mtakuwa wazazi, wauguzi, waalimu, na baadhi yenu watakuwa wabunge. Mkutane katika vikundi vyenu mkajadili maswali haya:

1. Katika familia zetu, bibi zetu walipangaje nafasi kati ya mtoto na mtoto? Tuwaulize wakiwa bado hai.
2. Wavulana wa kikundi chetu wamefundishwa nini juu ya kungoja, kusikiliza na kushauriana na mke?
3. Katika eneo letu, mama mwenye swali juu ya uzazi huenda wapi, na hutembea muda gani kufika?
4. Msichana wa parokia yetu akipata mimba kwa kubakwa, sisi kama kikundi tutamfanyia nini katika juma la kwanza?